Pa Kutua

Januari 1930 mama mmoja aliugua katika kisiwa cha Hirta. Hirta ndicho kikubwa kati ya visiwa vya St Kilda, majabali yaliyosimama peke yao katika Atlantiki, kilomita 64 hivi magharibi ya North Uist, Uskoti. Kisiwani palikuwa na muuguzi mmoja na wenyeji wachache wasiotimia arobaini. Daktari hakuwepo. Kwa miaka mingi watu wa pale walikuwa na posta yao wenyewe: gogo dogo lililochongwa mfano wa mashua, barua ndani yake, kibofu cha kondoo juu kama chelezo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi walikitupa chombo hicho majini, wakangoja. Mara nyingine kiliokotwa pwani ya Uskoti, mara nyingine Norwei. Wakati wa baridi, meli za uvuvi zilizokuja kujikinga na dhoruba ndizo zilizochukua habari zao hadi bara.

Mama yule alipelekwa Glasgow, na hakurudi. Kwa miaka 60 ilisimuliwa kwamba aliuawa na kidole tumbo, mpaka mwanawe mwenyewe alipofuatilia nyaraka mwaka 1991 akagundua kwamba alikufa kwa homa ya mapafu, baada ya kujifungua mtoto wa kike ambaye naye hakuishi. Kwa waliobaki Hirta tofauti hiyo haikuwa na uzito. Walichokiona ni kwamba mtu akiugua wakati wa mawimbi, bahari ndiyo inayoamua. Mei mwaka uleule waliandika ombi wakitaka kuhamishwa, na tarehe 29 Agosti watu 36 wakapanda manowari ya HMS Harebell. Inasemekana kila nyumba iliachwa na Biblia iliyofunuliwa na kijirundo cha shayiri.

Kisiwa kilichokaliwa na watu kwa maelfu ya miaka kikabaki na kondoo na ndege wa baharini. Njaa ilikuwapo, vijana walikuwa wamekwisha kukimbilia bara, na sitasema kwamba ugonjwa peke yake ulikifunga. Lakini muuguzi aliyeishi nao, Williamina Barclay, ndiye aliyewahimiza waondoke, na muuguzi haongei kuhusu bei ya sufu.

*

Serikali haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1912 tume iliyoongozwa na Sir John Dewar ilizunguka nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, ikarudi na ripoti ya aibu: watu wengi walikuwa wakizaliwa, wakiugua na kuzikwa bila kuonwa na daktari hata mara moja. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huduma ya tiba ya Highlands and Islands kwa fedha ya umma, pauni 42,000 kwa mwaka. Madaktari wakapewa mshahara wa uhakika na nyumba, wagonjwa wakatozwa ada ndogo isiyobadilika hata kama daktari amevuka maji kuwafikia. Hayo yalikuwa miaka 35 kabla Uingereza nzima haijapata huduma ya afya ya taifa, NHS.

Daktari akafika kisiwani, basi. Kisu cha upasuaji kilibaki Glasgow. Ukifikiri vizuri, hali ya daktari huyo ilikuwa ya mateso ya aina yake. Anabonyeza tumbo la mgonjwa, anajua kabisa kilicho ndani, anajua dawa yake ni upasuaji kabla ya kesho, na anajua pia kwamba meli ya barua inapita keshokutwa, bahari ikiruhusu. Mtu wa Mafia au Ukerewe anayesoma haya hahitaji kuelezwa zaidi.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu wa mabasi. John Sword alikuwa mfanyabiashara wa usafiri wa barabarani magharibi ya Uskoti, akaanzisha kampuni ya ndege, Midland & Scottish Air Ferries, yenye makao katika uwanja wa Renfrew nje kidogo ya Glasgow. Alikusudia kubeba abiria na magazeti. Tarehe 14 Mei 1933 ikaja simu kutoka kisiwa cha Islay: mvuvi mmoja ana tundu tumboni, na njia ya meli na barabara ingemla siku nzima. Rubani Jimmy Orrell akaruka na ndege aina ya Dragon, ya injini mbili na mabawa yaliyopangwa ghorofa mbili, mwili wake mbao na kitambaa. Mvuvi alilazwa humo na kufikishwa hospitali ya Western Infirmary siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ndege za wagonjwa Uskoti.

Watu hupenda kusimulia safari hiyo kama ushindi wa kuruka. Mimi naiona kinyume. Mwaka 1933 kuruka kulikuwa kumekwisha kuzoeleka, na marubani waliotoka katika vita vya kwanza walikuwa wengi. Shida ilikuwa kutua. Ndege yaweza kukizunguka kisiwa mpaka mafuta yaishe. Isipopata kipande cha ardhi kigumu, tambarare, chenye urefu wa kutosha na kisicho na ng'ombe, mgonjwa atausikia mlio tu. Tangu siku ile hadi leo, historia ya huduma hii imekuwa historia ya kutafuta pa kutua.

*

Pa kwanza palikuwa ufuoni. Visiwa vya Hebrides vina fuo pana za mchanga uliochanganyika na maganda ya kombe, na maji yakipwa mchanga huo hushikamana ukawa mgumu kama sakafu. Marubani walijifunza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Lamu angewaambia bure: usiulize saa, uliza maji. Katika kisiwa cha Barra, ghuba ya Traigh Mhòr ilianza kupokea ndege mwaka 1933 na ikatambuliwa rasmi kuwa uwanja mwaka 1936. Ina njia tatu za kurukia zilizopangwa pembetatu ili rubani achague kwa kufuata upepo, na ncha zake zimewekewa nguzo za mbao. Maji yakijaa, uwanja mzima unakuwa chini ya bahari. Mpaka sasa ratiba ya ndege ya abiria ya Barra hubadilika kufuata kujaa na kupwa, na wenyeji huokota kombe palepale magurudumu yalipopita. Wamewekewa tangazo: ukiona mfuko wa upepo umepandishwa, ondoka ufuoni.

Upande wa kaskazini, katika visiwa vya Orkney, Kapteni Ted Fresson hakuwa na fuo za namna hiyo. Alipoanzisha safari kutoka Inverness hadi Kirkwall Mei 1933, alitembea kisiwa kwa kisiwa akitazama mashamba, akizungumza na wakulima kuhusu kung'oa kuta za mawe na kufukia mitaro. Shamba likikubaliwa, kisiwa kinakuwa na uwanja wa nyasi. Mkulima anabaki na malisho yake, ila siku ya ndege lazima mtu afukuze kondoo.

Na Renfrew palikuwa na Kapteni David Barclay, aliyeruka kuwafuata wagonjwa kabla ya vita vya pili, wakati wa vita na baada yake, zaidi ya safari elfu moja kwa jumla. Alizijua fuo za magharibi kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani.

Mwaka 1948 NHS ikaanza, na gharama ya ndege ikahamia kwa taifa. Simu ilipigwa na daktari wa kisiwa. Mgonjwa hakuulizwa ana nini mfukoni. Kampuni ya umma ya BEA ndiyo iliyoruka, kwanza kwa ndege aina ya Rapide, halafu kuanzia 1955 kwa Heron za injini nne. Wauguzi walitoka hospitali ya Southern General, Glasgow, na walikuwa watu wa kujitolea. Sista alikuwa anaweza kumaliza zamu yake wodini, akavaa koti zito, akapanda ndege usiku kwenda kumchukua mama aliyekwama katika uchungu, akarudi alfajiri amemshika mkono. Watoto kadhaa hawakungoja kufika, walizaliwa angani.

Tarehe 28 Septemba 1957 Heron moja iliitwa kwenda Islay, kisiwa kilekile cha safari ya kwanza. Wakati huo Islay ilikuwa na uwanja kamili, Glenegedale, wenye lami. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mawingu yameshuka na mvua inanyesha. Ndege ilianguka ikiwa katika kutafuta kutua. Waliokuwamo walikufa wote: rubani Kapteni Paddy Calderwood, mtu wa redio Hugh McGinlay, na Sista Jean Kennedy. Baadaye jina la Sista Jean Kennedy liliandikwa ubavuni mwa ndege iliyobeba wagonjwa kazi ileile.

Miaka hiyohiyo, mbali na hapo, madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikuwa wakizungumza chini ya Mlima Kilimanjaro kuhusu kuruka na ndege ndogo kwenda kwa wagonjwa wasio na barabara. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa shirika la tiba la AMREF. Sidhani walikuwa wamesikia habari za Islay. Lakini swali lao la kwanza lilikuwa lilelile, kwani nyika nayo haina lami.

*

Kuna visiwa visivyo na ufuo wala shamba. Kuna pia wagonjwa wasio kisiwani wala bara: mabaharia wa meli inayozama, wavuvi waliovunjika mbavu kwenye sitaha. Kwa hao ndege yenye mabawa haina la kufanya isipokuwa kuzunguka juu yao.

Helikopta ya uokozi ilizaliwa kwenye vita na ikaanza na damu. Januari 1944 manowari ya Marekani, USS Turner, ililipuka karibu na New York. Frank Erickson wa walinzi wa pwani akaruka na helikopta ndogo ya Sikorsky katikati ya theluji, akipeleka plazma ya damu kwa majeruhi huko Sandy Hook. Tarehe 29 Novemba 1945, nje ya pwani ya Connecticut, watu wawili waliokuwa wamekwama juu ya tishali lililopigwa na dhoruba walivutwa juu kwa waya wa helikopta, mmoja baada ya mwingine. Swali la pa kutua lilikuwa limepata jibu ambalo hakuna aliyelitazamia: usitue.

Uskoti ilingoja miaka mingi kulipata jibu hilo kwa ukamilifu, na lilipofika lililetwa na mafuta. Visima vilipochimbwa katika Bahari ya Kaskazini, wafanyakazi wa majukwaa walihitaji kusafirishwa, na Shetland ikajaa helikopta kubwa. Walinzi wa pwani wakakodi moja kwa ajili ya uokozi: Sikorsky S-61N ya kampuni ya Bristow, ikawekwa Sumburgh, ncha ya kusini ya Shetland, mwaka 1983. Nyingine ikawekwa Stornoway, kisiwa cha Lewis, mwaka 1987. Kati ya hapo, tarehe 6 Novemba 1986, helikopta ya abiria aina ya Chinook ikirudi kutoka jukwaa la mafuta ilianguka baharini karibu na Sumburgh ikiwa na watu 47. Helikopta ya uokozi, iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka, iliwakuta majini, ikawaopoa wawili. Wengine 45 walikufa. Walioletwa visiwani na mafuta waliletewa na mafuta kifo chao na mwokozi wao kwa pamoja.

Kazi ya waya inafaa kuelezwa, kwa sababu picha za televisheni huifanya ionekane kama sarakasi. Ndani ya helikopta kuna watu wanne. Marubani wawili wamekaa mbele. Mlangoni, upande wa kulia, yuko mwendesha winchi. Wa nne ndiye anayeshuka. Helikopta ikiwa juu ya meli, rubani haoni chochote kilicho chini yake. Anaongozwa na maneno ya mwendesha winchi aliyelala kifudifudi mlangoni: mbele kidogo, kulia, simama, simama. Meli inapanda na kushuka mita nyingi, milingoti inayumba, pangaboi linamwaga upepo wa chumvi usoni kwa kila mtu. Umeme tuli hukusanyika kwenye mwili wa helikopta, hivyo waya lazima uguse maji au chuma kwanza, vinginevyo unampiga mtu wa kwanza atakayeushika. Mara nyingi hutangulizwa kamba nyembamba yenye uzito, watu wa meli waishike na kumwongoza anayeshuka asiyumbe kama pendulo. Yote hayo kwa ajili ya kumshusha mtu mmoja pale ambapo kila mwenye akili anataka kuondoka.

Tarehe 18 Novemba 1997 meli ya Green Lily ilitoka bandari ya Lerwick, Shetland, ikiwa na shehena ya samaki wa barafu kwenda Côte d'Ivoire. Kesho yake, kwenye maji ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Bressay, injini ilizimika. Dhoruba ikaanza kuisukuma kuelekea majabali. Vyombo vya kuvuta vilijaribu kuifunga kamba, zikakatika. Boti la uokozi la Lerwick, chini ya nahodha Hewitt Clark, lilijisogeza ubavuni mwa meli likawanyakua mabaharia watano. Clark alitunukiwa nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo. Walibaki kumi, na ufuko ulikuwa karibu mno kwa boti kurudia tena.

Bill Deacon akashuka kwa waya kutoka helikopta ya Sumburgh. Alisimama kwenye sitaha inayofagiliwa na mawimbi, akawafunga mabaharia wale kwenye mishipi na kuwapandisha wawiliwawili. Wote kumi walifika juu. Wa mwisho walipokuwa wakiinuliwa, wimbi lilimpiga Deacon likamtupa baharini. Alitunukiwa nishani ya George baada ya kufa. Green Lily ilipasuka vipande kwenye majabali ya Bressay, na samaki waliokuwa wakingojewa Côte d'Ivoire wakarudi majini.

*

Kwa wagonjwa wa kawaida ndege ziliendelea. Mwaka 1973 kazi ya BEA ilichukuliwa na kampuni ya Loganair, kwa ndege iliyoitwa, kwa kustahili kabisa, Islander. Ni chombo kisicho na madaha: injini mbili, magurudumu yasiyokunjwa, kelele nyingi. Lakini hutua kwenye kipande kifupi cha nyasi, na hutua mchangani. Ndiyo ndege inayofanya safari fupi kuliko zote za ratiba duniani, kati ya Westray na Papa Westray, Orkney: haifiki dakika mbili. Ilipoitwa kwenda Barra usiku, ambako ufuo hauna taa, wenyeji walileta magari yao, wakayapanga na kuwasha taa kuelekea mchangani, na vipande vinavyong'aa vikatandazwa kuonyesha njia. Rubani alishuka kati ya magari ya majirani wa mgonjwa.

Rubani huyo mara nyingi alikuwa peke yake. Tarehe 15 Machi 2005, usiku, Islander moja iliondoka Glasgow kwenda Campbeltown kumchukua mtoto aliyedhaniwa ana kidole tumbo. Ndani alikuwamo rubani na mhudumu mmoja wa dharura. Ndege iliingia baharini nje ya Machrihanish, wote wawili wakafa. Wachunguzi waliitazama kazi ya rubani mmoja, gizani, katika mawingu, ndani ya ndege ya zamani, na walichokisema hakikuwa kipya. Kila mtu visiwani alikuwa anajua.

Mwaka 2006 mpango ukabadilishwa. Zikaja King Air mbili, ndege za kasi zilizotengenezwa ndani kama chumba cha wagonjwa mahututi, na helikopta mbili zenye kituo Glasgow na Inverness. Hadi leo Uskoti huilipia huduma hiyo kwa fedha ya serikali, ilhali England helikopta za wagonjwa hutegemea zaidi michango ya watu. Kundi la madaktari bingwa wa Glasgow lilikuwa tayari limeanza, mwaka 2004, kuruka kwenda kwa mgonjwa badala ya kumngoja: daktari anashuka na vifaa, anamtuliza mgonjwa pale alipo, ndipo anamsafirisha. Hii nadhani ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu Orrell, ingawa haina picha nzuri.

Orkney walinung'unika, na walikuwa na hoja. King Air inataka lami ndefu. Kwenye nyasi za visiwa vidogo, walikozoea kuiona Islander ikishuka nyuma ya nyumba, haiwezi kufika. Panangojwa helikopta itoke mbali, na helikopta ina adui yake, ukungu na barafu ya mawinguni. Usalama wa rubani ulikuwa umepatikana kwa kumsogeza mgonjwa hatua moja nyuma. Sioni namna ambayo pande zote mbili zingeridhika.

Hirta nayo ina watu tena, kwa namna fulani. Tangu 1957 pamekuwa na kituo cha jeshi cha kufuatilia makombora, na wakati wa kiangazi huja walinzi wa hifadhi na watafiti wa kondoo. Karibu na ghuba, chini ya safu ya nyumba za mawe, nyingi zisizo na mapaa, pametengenezwa mahali pa helikopta kutua. Mfanyakazi akishikwa na tumbo usiku, simu inapigwa Stornoway, na hewa ikiwa nzuri helikopta ya walinzi wa pwani inafika pale. Inashusha machela, inapakia, inageuka mashariki.